Kibuyu cha Ulezi cha Bibi Nyangi

Elieth, Fundi Cherehani,
Tarime Mjini.
14 Januari 2024

Kwa dada yangu Waisiko,
Makambako.

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute una afya njema, wewe na shemeji, na wale wanangu watatu ambao mpaka leo nawajua kwa picha za simu tu. Mimi huku ni mzima, isipokuwa kiuno kinanisumbua kwa kuinamia cherehani tangu msimu wa sare za shule uanze. Baba mdogo Nyangwine anakusalimu sana. Amewekewa meno mapya ya mbele na sasa anacheka hata mahali pasipo na kichekesho, ili tu yaonekane.

Najua utashangaa kupata barua wakati namba yangu unayo. Nimeshika simu mara nyingi, dada, nikaiweka. Simu ukikasirika utaikata. Barua huwezi kuikata, labda uichane, na wewe nakujua, huwezi kuchana kitu kabla hujakisoma mpaka mwisho. Kwa hiyo epua sufuria, ukae. Nataka tuzungumze habari ya kibuyu. Ndiyo, kile kile kilichomwaga mchanga mbele za watu mwaka ule wa njaa, ukaitwa mwizi ukiwa na miaka kumi na tano. Kile kilichofanya uolewe bila kupewa kiganja cha mbegu, ukaondoka Nyarero na hujarudi mwaka wa ishirini sasa. Lakini kwanza acha nikueleze tulivyomsindikiza Bibi, maana hukuwepo, na ilikuwa siku ambayo ungejivunia kuzaliwa kwetu.

Tulimzika tarehe 12 Desemba, ubavuni kwa Babu. Watu walikuwa wengi, tukaazima viti vya kanisani na vya shule na bado wengine walikaa kwenye magogo. Walitoka Nyarero yote, Tarime mjini, Mugumu, na gari zima la ndugu zake kutoka Mbalibali. Rambirambi yako tuliipokea, ahsante. Kila mtu aliniuliza uko wapi. Nikasema barabara ni ndefu. Baba mdogo akajibu kwamba hakuna barabara ya kutembea miaka ishirini, nami nikajifanya nakwenda kuangalia chakula.

Sasa sikia kuhusu wasifu. Baba mdogo ndiye aliyeuandika. Unamjua alivyo na maneno njiani, lakini ukimpa kalamu anakuwa bubu. Karatasi yenyewe ilisema Marehemu Nyangi alizaliwa Mbalibali mwaka 1936, akaolewa Nyarero mwaka 1953, akajaliwa watoto wanane na wajukuu thelathini na mmoja. Hakusoma. Hakuajiriwa. Alikuwa mama wa nyumbani. Basi, tumwombee. Miaka themanini na saba kwa mistari minne! Nikapewa mimi niisome kwa kuwa eti nina sauti.

Nilisimama pale mbele, nikaipitia kwa macho kabla ya kuisoma, na hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Hakuajiriwa? Kwa hiyo aliyekuwa anaamka jogoo wa kwanza kukamua, akachota maji, akalima mpaka jua la saa tano, akarudi kupika, akafua, akaanika, akapeta, akasaga, huyo alikuwa anapumzika? Mama yetu alipofariki na baba yuko machimboni, ni nani aliyetubeba mimi na wewe, yeye akiwa tayari ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye wanawe wote walikuwa wamekua? Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Baba mdogo alinikodolea macho. Nikawaambia waombolezaji kwamba yaliyoandikwa nitayasoma baadaye, kwanza nitasema ninayoyajua.

Nikasema alivyokuja Nyarero akiwa na miaka kumi na saba, amevuka Mto Mara na kibuyu kichwani, na ndani yake ulezi mwekundu aliopewa na mama yake siku anaolewa. Nikasema alivyoupanda kila mwaka bila kukosa, na kila mwaka akatenga mbegu, akaziba mdomo wa kibuyu kwa samadi na majivu, akakitundika juu ya mafiga moshi ukiguse. Nikamkumbuka yule bwana shamba wa zamani aliyekuja akamwambia ulezi ni chakula cha wazee, alime mahindi ya kisasa peke yake. Bibi alimkaribisha uji, akaumaliza, akaongezewa, akaumaliza tena, ndipo Bibi akamuuliza kama huo nao ni wa wazee. Watu walicheka msibani, dada. Na nikakumbusha mwaka mwingine, wewe umeshaolewa, mahindi yalipokauka kata nzima yakiwa machanga, na kila jiko likapika ugali mweusi wa ulezi, wala hatukumwona mtoto wa Nyarero akilala na njaa. Akina mama wakaanza kupiga vigelegele taratibu, kisha kwa nguvu.

Hapo ndipo aliposimama Mama Zuleha wa duka la vitenge. Pengine unamkumbuka, yule aliyeolewa kwetu na Hamim fundi baiskeli. Aliomba ruhusa kwa wazee aseme neno moja. Akasema yeye wazazi wake ni wa Tabora, alilelewa dukani, na siku alipoingia Nyarero kama bibi harusi hakujua hata jembe linashikwa upande gani. Bibi Nyangi alifika wiki ile ile, akamwekea kiganja kimoja cha ulezi kwenye pindo la kanga, akamwambia hii siyo ya kupika, ni ya kupanda, na ukivuna utatenga. Alidhani ni mila ya kumtania mgeni. Akapanda nyuma ya nyumba ili asionekane ana dharau. Ulezi ule ndio uliomnyonyeshea watoto wake sita, na hajawahi kununua mbegu. Kisha akafungua fundo la kanga yake, akasema wengine wameleta unga wa msiba, ila yeye ameleta hii, na anaomba isisagwe.

Nilikuwa sijui la kufanya, dada. Nikaingia ndani jikoni, nikakitungua kile kibuyu. Unakikumbuka? Tangu mwaka ule wa njaa Bibi hakutia tena kitu ndani yake, isipokuwa mara moja tu ambayo nitakueleza. Mbegu zake alikuwa anaziweka kwenye chungu, na kibuyu kikabaki pale juu ya mafiga, kimekuwa cheusi tii. Nikatoka nacho, nikakizibua, Mama Zuleha akamimina. Nikadhani yameishia hapo.

Akasimama mwalimu wa chekechea, naye ana fundo. Akasimama mke wa mchungaji. Akasimama Robi, yule uliyesoma naye, sasa ana mvi nyingi kuliko Baba mdogo, akasema alipewa chake mwaka 2001. Wasichana walioolewa juzi, wakwe, wajane, mpaka mama mmoja kutoka ng'ambo ya Sirari, upande wa pili wa mpaka, akasema kwao Kenya shamba lake linajulikana kama shamba la Nyangi. Hawakuwa wamepanga. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyefikiria kurudisha. Kibuyu kikajaa, tukaleta sado, ikajaa, tukaleta debe. Ulezi mwekundu ule ule wa Mbalibali, dada, umetoka kwenye mashamba sitini na zaidi! Wazee wa kiume walivua kofia. Baba mdogo akaniomba ile karatasi yake, akaenda nayo pembeni, na nilimwona kwa macho yangu akifuta mstari wa Hakuajiriwa huku machozi yanamtoka. Sijawahi kuona mwanamke wa kwetu akizikwa kwa heshima ile, na sidhani kama kuna mwanamume aliyeipata.

Kisha akina mama wakakubaliana kwamba mbegu iliyorudishwa haiwezi kukaa. Ipandwe msimu huu huu kwenye shamba la Bibi, na atakayeingia shambani wa kwanza awe mjukuu wa kike mkubwa wa nyumba. Yaani wewe. Bibi Matiko, yule rafiki yake Bibi ambaye waligombana kila Jumatatu na kupatana kila Jumanne, alikuwa amekaa mbele kwenye kigoda. Anaona kwa shida, lakini ulimi wake haujazeeka. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona, kwamba ni Waisiko yupi, yule aliyekula mbegu?

Sasa nimefika, dada. Vumilia.

Siyo wewe uliyekula. Unalijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini hujui ni nani, na kama umewahi kunidhania hukuwahi kusema. Ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Njaa ile ilikuwa imenifanya nisikie harufu ya uji hata usipopikwa. Siku moja mlikwenda kuchuma mlenda, nikapanda juu ya kinu, nikakishusha kibuyu, nikabandua samadi kwa kijiko. Nilikusudia kiganja kimoja tu. Nilikikaanga kwenye kigae nikatafuna. Kesho yake tena. Nilikuwa naziba mdomo kwa samadi mbichi kama nilivyokuona wewe ukifanya, maana wewe peke yako ndiye uliyeruhusiwa kukigusa. Kikaanza kuwa chepesi. Nikaogopa utakiinua ujue. Basi nikaenda kwenye kichuguu cha njia ya kisimani, nikachukua udongo mwekundu mkavu, nikauchekecha kwa chujio la chai mpaka ukawa na chembe sawasawa na ulezi. Nilikuwa najaza kadiri ninavyokula. Ulikiinua kila mwezi, dada, ukakagua mdomo wake, ukaridhika. Mpaka leo ndiyo kazi ya mikono niliyoifanya kwa uangalifu kuliko zote.

Siku ya risaga, wanawake wamekuja na majembe kutusaidia kupanda, Bibi alimimina kwenye ungo. Wewe ulisimama karibu yake kwa majivuno ya mtunza kibuyu. Mimi nilikuwa nyuma ya kihenge. Niliona alivyochota akatia ulimini. Niliona uso wake. Alikugeukia akakwambia umekula kilichomlea yeye, mama yake na bibi yake, na kwamba mwizi wa mbegu hatapewa mbegu. Ulilia ukaapa. Bibi Matiko alikuwepo, wanawake ishirini walikuwepo. Nilichotakiwa kufanya ni kutoka nyuma ya kihenge na kusema neno moja. Sikutoka. Miaka sita baadaye ulipoolewa, Bibi alikupa baraka, blanketi na kuku, na pindo la kanga yako likabaki tupu mbele ya wote, na bado sikutoka. Siombi unisamehe kwa kuwa nilikuwa mtoto. Siku unaolewa nilikuwa na miaka kumi na tano, umri ule ule uliokuwa nao wewe ulipobeba mzigo wangu.

Unakumbuka Bibi alivyofanya baada ya ile siku? Aliondoka kwa miguu kwenda Mbalibali, siku mbili kwenda, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, tumbo likiwa na mboga tupu. Kule ndugu zake walikuwa bado wanao ulezi wa mama yao. Alirudi baada ya siku tisa na fundo moja la kanga. Kibuyu alikuwa amekiacha nyumbani, kwa aibu. Tangu hapo ndipo alipoanza kugawa. Alisema mbegu haitalala tena kwenye nyumba moja. Kabla ya hapo hakuwahi kumpa mtu hata punje, hata Bibi Matiko alinyimwa.

Mwezi wa nane mwaka jana nilimleta kwangu mjini awe karibu na hospitali. Alikuwa anakaa kitandani ananiangalia nashona. Siku moja alinisifia, akasema katika wajukuu wake mimi ndiye sijawahi kumpa aibu. Cherehani ikanishinda kuendesha. Nikamwambia yote. Redio ya jirani ikamaliza taarifa ya habari. Kisha Bibi akauliza niliupataje mchanga laini namna ile. Nikamwambia chujio la chai. Dada, Bibi alicheka! Alicheka mpaka nikamshika mgongo asipaliwe. Akasema nisingekula, mbegu ingekuwa bado imefungiwa juu ya mafiga yake na angekufa nayo kama bahili. Halafu kicheko kikageuka kilio, na akalia kwa ajili yako mpaka mto ukalowa. Akasema amempa kisogo mtoto asiye na kosa miaka yote hii. Aliniagiza nikuandikie siku ile ile, uyasikie kwangu na siyo kwake, kisha yeye apewe simu akuombe radhi kwa sauti yake.

Na hapa ndipo penye kosa langu la pili, ambalo si la mtoto. Sikuandika. Niliogopa. Kila wiki aliniuliza kama umejibu, nikasema barua za siku hizi zinachelewa. Mwezi wa kumi alinishika mkono akauliza tena, na nilipoona macho yake nikamwambia umejibu. Nikasema umesamehe, na unakuja na watoto Krismasi ili msemezane uso kwa uso badala ya simu. Nilimdanganya, dada, na kwa uongo ule alipata nafuu. Alidai nimrudishe Nyarero akakuandalie. Akamwamuru Baba mdogo, aliyekuwa bado anamwita mura, yaani kijana, na meno yake ya bandia, alime upya kipande cha nyuma ya zizi na asithubutu kupanda kitu, ni cha Waisiko. Akakishusha kile kibuyu, akakiosha, akatia ndani kiganja kimoja cha ulezi kwa mkono wake. Akasema ni kile cha harusi yako, kimechelewa. Akakiziba mwenyewe, akakirudisha mahali pake. Alifariki tarehe tisa Desemba akiwa anahesabu siku za kuja kwako, na alikuwa na furaha.

Kwa hiyo Bibi Matiko alipouliza swali lake pale msibani, nilitoka nyuma ya kihenge, nimechelewa miaka ishirini na sita. Nilishika kipaza sauti, maana nilitaka wasikie hata walioko barabarani. Nikasema Waisiko hakula hata punje. Nimekula mimi, na mchanga nilitia mimi, na nikamwacha dada yangu aaibishwe. Nilitegemea matusi na ningeyapokea. Bibi Matiko aliniita kwa kidole, nikapiga magoti mbele yake, akanipiga kofi moja ambalo kwa mtu wa umri wake lilinishangaza. Kisha akasimama kwa fimbo yake, akalitaja jina lako lote, Waisiko binti wa nyumba ya Nyangi, akasema alikutukana na wenzake mwaka ule, na leo wote waliobaki hai wanalisafisha. Wakapiga vigelegele kwa ajili yako, dada, mbele ya kaburi, kwa muda mrefu kuliko vya wasifu. Mama Zuleha alilia kuliko ndugu.

Kibuyu kimefungwa tena. Nilipokifungua siku ile nilikuta kiganja chako kimetulia chini, na viganja vya wanawake wa Nyarero vyote vikamiminwa juu yake. Huwezi kukifikia cha Bibi bila kupanda vya wote. Kipande cha nyuma ya zizi kimelainishwa mara ya pili. Mvua zinatarajiwa katikati ya Februari, na akina mama wamekataa kuingia na majembe kabla yako. Bibi Matiko anasema hatakufa kabla hujafika, na anataka ufanye haraka kwa sababu kujizuia kunamchosha.

Ukija usinisalimu, ukinipiga kofi la pili nitashukuru. Lakini njoo. Nilimwambia Bibi kwamba unakuja, akaniamini, akaenda na neno hilo. Dada yangu, wewe peke yako duniani ndiye unayeweza kulifanya liwe kweli.

Msalimie sana shemeji na umwombe radhi kwa niaba yangu, maana naye alioa mwanamke aliyenyimwa haki yake. Wabusu wanangu. Katika kifurushi hiki nimekushonea gauni la kitenge, nimekisia kipimo kwa picha, kama linabana nitalitanua hapa hapa ukifika. Usiangalie rangi yake. Angalia pindo la ile kanga niliyoikunjia ndani. Ni ile uliyovaa siku ya harusi, ulisahau kuichukua. Ilikuwa ndani ya sanduku la Bibi, imekunjwa vizuri, na pindo lake lina mkunjo wa fundo, kana kwamba Bibi alikuwa akilifunga na kulifungua, ingawa hakuna kilichofungwa.

Ni mimi mdogo wako, mla mbegu,

Elieth.